Daktari wa Kontroli

Kitu cha kwanza watu wa kwetu walichojua kumhusu ni kwamba alikuwa anatemea mate udongo wa watu. Anachota konzi moja, anautemea, anaukanda kwa kidole gumba hadi utoke mwembamba kama mkia wa panya, kisha anautazama ukikatika. Hapo ndipo anakuambia shamba lako ni la aina gani. Cucu, mamake baba, alipomwona siku hiyo ya kwanza alisimama na jembe lake akauliza, "Sasa huyu mwanamke wa Meru ametubariki ama ametulaani?" Kwa sababu kwetu Mbeere mzee akikubariki hutema mate kidogo. Watu wakabishana pale pale, yeye akiwa katikati yao, na hakuna aliyemwuliza mwenyewe. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nimekaa juu ya jiwe nikimwangalia. Leo nina watoto wawili na bado sijapata jibu.

Tulimwita Daktari, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Hakuwa daktari wa hospitali, ingawa akina mama waliwahi kumletea watoto wenye kikohozi, na yeye akawapakia kwenye gari lake hadi zahanati ya Ishiara bila kuwaambia kwamba wamekosea mtu. Alikuwa daktari wa chuo kikuu, wa mambo ya ardhi, kilimo na hali ya hewa inavyobadilika. Alikuja kwetu kupima nini kinalipata shamba watu wakililima hivi au wakililima vile, jua likiwa kali na mvua ikiwa ya kubahatisha. Alikuja msimu baada ya msimu mpaka nywele zikawa nyeupe, nasi tukamzoea kama vile unavyozoea jirani.

Naandika nikiwa na hasira, sitaki kukuficha. Nusu ya shamba la nyumbani iliharibika mikononi mwake, na nusu hiyo ndiyo niliyopewa mimi. Mwaka huu barabara ilipoanza kutengenezwa, mtu wa murram, ile changarawe nyekundu ya kutandaza barabarani, alikuja akalipiga teke lile shamba langu kwa kiatu, akatabasamu, akasema anataka kulichimba na atanilipa. Akichimba, shamba limekwisha, litabaki shimo. Nisipomruhusu, nalima mawe. Kwa hivyo nilikuwa na swali moja tu, udongo huu utarudi au hautarudi, na mtu mmoja tu wa kumwuliza.

Kontroli, kama hujui, ni shamba linaloachwa liharibike ili lile lingine lionekane zuri. Yeye hakulieleza hivyo. Alilieleza vizuri sana, akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya jikoni kwetu. Shamba letu liligawanywa sehemu mbili kwa kamba. Upande wa mtoni ulichimbwa matuta ya fanya juu, yale ya mtaro unaotupiwa udongo wake upande wa juu, ukatiwa samadi, mabua yakaachwa yaoze, kunde zikapandwa katikati ya mtama. Upande wa barabarani haukuruhusiwa kutiwa kitu. Mahindi kila msimu, mabua yote yanatolewa, hakuna tuta, hakuna mavi ya mbuzi, hakuna hata jivu.

"Hii ni kontroli, Mama Ireri," alimwambia mama. "Bila hii, hiyo ingine haina maana. Nikisema samadi inasaidia, wataniuliza, inasaidia kushinda nini? Nitawaonyesha hapa."

"Na hapa sisi tutavuna nini?"

"Mtavuna kidogo. Halafu kidogo zaidi. Sisi tutawarudishia kwa unga na maharagwe."

Na kweli walirudisha. Hilo siwezi kumsingizia. Kila msimu unga ulikuja na maharagwe yalikuja, mengi kuliko ambayo upande ule ungetoa hata ungetunzwa. Baba alikuwa ameshakufa, mama alikuwa na midomo ya kulisha, angekataa vipi? Mpaka leo nikimkasirikia mama naishia kumwonea huruma katikati ya hasira. Mradi ulikwisha siku wafadhili walipochoka, unga ukakoma, na udongo ukabaki vile vile ulivyofikishwa.

Alikuwa mtu wa sauti ndogo na miguu mikubwa. Alivaa gambuti, zile buti za mpira, hata Januari, jua likichoma, akisema nyoka hasomi kalenda. Alisalimia kila mtu kwa Kimeru, "Muga!" kwa sauti ya chini kama anakuambia siri, na watoto tukawa tunasalimiana "Muga!" shuleni tukiangua kicheko. Hakupenda kuambiwa unavyofikiri. Ukimwambia, "Naona kama mvua siku hizi imepungua," anainua mkono: "Umeona, ama unaona kama?" Ilikuwa inaudhi. Unamwambia mtu shida yako, naye anakusahihisha kama mwalimu wa insha.

Na hata hivyo alikuwa mtu pekee aliyewahi kuketi na kumsikiliza cucu akieleza miaka ya njaa, hii ilikuwa na nzige, ile watu walikula mizizi ya mwituni. Alisikiliza mchana kutwa. Sisi wajukuu tulikuwa tunamkimbia cucu akianza.

Maji yetu hakunywa. Alibeba jerikeni lake kutoka kwake Kaaga, huko Meru mjini, na kila mara mama alipomkaribisha maji alisema, "Asante, niko nayo." Shangazi alichukia. Alisema huyu anatuona wachafu. Mama alisema hapana, anajua tunayateka mbali, hataki kutupunguzia. Lakini chai alikunywa, vikombe viwili, na chai ni maji. Nilipomwambia mama hivyo nilipigwa kofi.

Jambo lingine lilikuwa makaa. Hakuna mtu aliyetuhubiria kuhusu makaa kama yeye. Ukikata mgunga mmoja, alisema, umeondoa kivuli, umeondoa majani, umeondoa mizizi iliyokuwa inaushika udongo, na mvua ikija inabeba kila kitu hadi mtoni. Alilisema hilo kanisani, alilisema kwenye baraza la chifu, alilisema kwenye mazishi ya jirani yetu mchoma makaa mpaka mjane akauliza kama huyu amekuja kuomboleza au kushtaki. Halafu Ijumaa, akirudi Meru, unamwona soko la Ishiara akichagua gunia, analigonga kwa ngumi asikie kama makaa yameiva. Ireri, kaka yangu, alimkuta mara moja.

"Daktari! Na wewe?"

"Hii imeshakatwa, Ireri. Nisipoinunua mimi, mti hautasimama tena."

"Basi hata ile nitakata kesho, njoo ununue, itakuwa imeshakatwa."

Alicheka mpaka akashika gunia asianguke. Lakini alilinunua, na Ireri ndiye aliyemfungia kwenye gari.

Ngoja nikuambie kuhusu Jumapili ya samadi, kwa sababu hapo ndipo nilipomwona alivyo.

Upande wa kontroli uko barabarani. Watu wakienda sokoni, wakienda kanisani, wakipeleka mbuzi, wanapita pale. Wanaona mahindi ya njano yaliyo na urefu wa goti, yanapepesuka kama wagonjwa. Wanaona ni shamba la nani. Hakuna anayeona kamba wala utafiti, anaona uvivu. Wanawake walianza kumtania mama kwenye foleni ya maji. "Mama Ireri, siku hizi unalala mpaka saa ngapi?" Mama alieleza habari za kontroli mara ya kwanza, mara ya pili, akachoka. Unamwelezaje mtu kwamba unalima vibaya kwa makusudi?

Cucu hakuweza kuvumilia. Alikuwa ameolewa kwenye shamba lile, ndilo lililolea watoto wake, na sasa watu wanalicheka. Jumapili moja sisi wote tukiwa kanisani alisema mgongo unamuuma, akabaki. Tuliporudi tulikuta amehamisha samadi yote ya zizi la mbuzi kwa karai, mwanamke wa umri ule, akaitandaza upande wa kontroli mstari hadi mstari. Alikuwa ameketi chini ya uchaga wa mahindi, jasho limekauka usoni, amefurahi kama bibi harusi.

"Sasa wacheke," alisema.

Mama alishika kichwa. Lakini hakuitoa. Nafikiri hata yeye alifurahi.

Daktari alikuja Jumatano. Hakuambiwa chochote. Alitembea hatua chache ndani ya kontroli, akainama, akachota, akatema, akakanda. Akasimama pale ametugeuzia mgongo. Aliporudi jikoni uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa wa mtu aliyeibiwa.

"Nani?"

Cucu akainua mkono taratibu kama mtoto darasani.

"Ni mimi. Nimekusaidia. Lilikuwa linakufa."

"Cucu," Daktari alisema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko kawaida, "lilitakiwa kufa."

Sitasahau sentensi hiyo. Kisha akasema samadi itolewe. Yote. Kabla mvua haijainyonya ndani. Tuliitoa kwa mikono, mama, shangazi, mimi na Ireri, tukikwangua, tukirudisha kwenye karai, na watu wakipita barabarani wanasimama kuangalia familia inayoondoa mbolea shambani. Mwanaume mmoja aliuliza kama tumepagawa. Daktari alikwangua pamoja nasi. Alipiga magoti, kucha zake zikajaa samadi. Cucu alikaa tu pale chini ya uchaga. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na hakumsemesha Daktari tena mpaka alipokufa.

Na Daktari ndiye aliyeleta jeneza lake kutoka Embu. Alilipia gari, akasimama nyuma ya watu wote, hakuhubiri safari hiyo. Nilimwona akiokota udongo wa kaburi, akataka kuufinya kwa kidole, akakumbuka yuko wapi, akauachia uanguke.

Kulikuwa pia na kipima mvua alichotuwekea, mkebe wa kioo juu ya nguzo nyuma ya nyumba, na mama ndiye aliyeusoma kila asubuhi. Mvua ya Oktoba ilipokosa kuja, pasta mmoja wa kanisa dogo alianza kusema mkebe ule ndio unaifunga mvua. Walikuja kuombea nguzo, wakaizunguka wakiimba. Nilidhani Daktari atawafukuza. Alisubiri wamalize, akawaambia, "Jamani, kama mkebe mdogo hivi ungeweza kufunga mvua, mimi ningekuwa naiuza Nairobi." Walicheka. Lakini alipobaki na mama alisema jambo jingine. Alisema afadhali hao wanaamini kuna kitu kinachoweza kung'olewa, mvua ikarudi.

Hapo naona ndipo alipokuwa anaumwa. Alijua, na kujua hakukumsaidia kitu wala hakukutusaidia sisi. Baada ya misimu mingi alikuja na karatasi kubwa ya picha, akaibandika ukutani kwenye ofisi ya chifu ili arudishe matokeo kwa wananchi. Watafiti wengine walichukua udongo wetu kwenye mifuko wakapotea nao. Yeye alirudi, na sifa hiyo nampa. Picha ya kwanza ilikuwa ramani yetu, kutoka mlimani mpaka kwetu chini. Huko juu kijani. Mitunguu, wanakonyunyizia ndizi kwa mifereji, kijani. Kwetu nyekundu, rangi ya ardhi iliyokauka, na kila picha iliyofuata nyekundu ilikuwa imepanda kidogo kuelekea mlimani.

Mzee mmoja alivua kofia akauliza, "Sasa, Daktari, sisi wa nyekundu tufanye nini?"

Alieleza matuta. Alieleza mtama badala ya mahindi, na kuacha kung'oa kila kitu tupande muguka, ile miraa yetu ya majani madogo ambayo vijana wanatafuna na inayoleta hela kila wiki.

"Mtama unalipa karo?" Ireri aliuliza kutoka nyuma.

"Haulipi."

"Muguka inalipa."

"Najua, Ireri."

"Basi?"

Alikunja karatasi yake polepole. "Mimi ni mtafiti. Naweza kuwaambia kinachotokea. Cha kufanya, hiyo ni serikali."

Chifu aliangalia dari. Watu wakaenda nyumbani. Nilikuwa kidato cha pili wakati huo, na nilimchukia siku ile kwa mara ya kwanza nikiwa na akili timamu. Unatuambiaje tunakufa, halafu unatuelekeza kwa chifu?

Mimi alinipenda, na mimi nilimpenda, ndiyo maana naandika kurasa hizi zote badala ya kumtukana mara moja nikamaliza. Aliniita "mwari", kama Wameru wanavyomwita msichana wao. Nilipofanya vizuri kwenye kemia aliniletea kitabu. Alisema nikimaliza nitakuwa msaidizi wake, nitajua shamba letu kuliko yeye. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa na mimba badala ya matokeo ya maana, na baba wa mtoto alikuwa amekwenda Mombasa na simu haishiki. Wengine wote walikuja na mahubiri. Daktari alikuja na nepi na sabuni, akakaa kitandani kwangu, akauliza kama nakula mboga za majani. Aliponiona nalia hakunishika. Kisha akasema, "Nilifeli mwaka wa kwanza chuo kikuu. Nilikuwa na mtoto mgongoni." Basi. Hakunipa somo juu yake.

Mama alipozeeka aligawa shamba. Ireri ni mwanaume na tayari alikuwa na mke, alipewa upande wa mtoni wenye matuta na samadi ya miaka yote ile. Mwaka huo huo aliung'oa mtama akapanda muguka. Mimi msichana niliyezalia nyumbani watoto wawili wasio na jina la baba, nilipaswa kushukuru kupewa chochote. Nilipewa barabarani. Wazee walisema wamenifikiria. Niliwaambia wamenifikiria kama wafadhili wanavyofikiria watu. Hawakuelewa, na heri hawakuelewa.

Nimelima pale. Usifikiri nilikaa nikalalamika. Nimetia samadi kwa karai lile lile la cucu, nimechimba matuta mwenyewe, mtoto akiwa mgongoni. Mvua ikinyesha inateleza juu kama kwenye bati, inabomoa tuta, inaondoka na samadi yangu kuelekea mtoni. Mvua isiponyesha jembe linadunda. Ndengu zilitoka, zikasimama, zikakauka zikiwa na majani mawili. Mtoto wangu mdogo, Marigu, anaita shamba lile uwanja. Ati, "Mama, twende uwanja."

Kwa hiyo mtu wa murram alipotaka jibu, nilimfunga Marigu mgongoni nikaenda Kaaga.

Daktari alikuwa amestaafu. Nilikuwa nimemwazia akiishi kwenye bustani, mapapai na nini. Boma lake lote lilikuwa limewekwa matofali ya saruji, kutoka geti hadi mlangoni, hakuna mahali pa kuchomeka kijiti. Sukuma wiki zilikuwa zimeota kwenye magunia ukutani. Aliona ninavyoangalia.

"Ni goti," alisema. "Matope yaliniangusha. Keti, mwari. Umemleta nani huyu?"

Tulikunywa chai. Alimpa Marigu ndizi. Alikuwa amekonda, na zile gambuti hazikuwa miguuni, alikuwa na ndara za waridi. Nilimwuliza bila kuzunguka: upande wa barabarani utarudi?

Hakutazama pembeni, hilo nalo nampa. "Kwa samadi nyingi, na maji, na ukiacha kulima muda mrefu, utaanza kurudi."

"Nitaona?"

"Wewe? Hapana."

"Huyu?" Nikamwonyesha Marigu.

Alifuta mdomo wa mtoto kwa kidole. "Sidhani."

"Na upande wa Ireri? Ule ulioutunza?"

"Huo nao unashuka, mwari. Unashuka polepole tu. Joto limeongezeka sana. Mwanzoni nilidhani nitaonyesha mmoja unapanda na mwingine unashuka. Nilichopata ni miendo miwili ya kushuka."

Nilikaa na kikombe mkononi. Miaka yote ile. Unga wote ule, cucu kukwangua samadi yake, au niseme sisi kuikwangua mbele yake. Nilimwambia basi namruhusu mtu wa murram. Hapo ndipo macho yake yaliamka.

"Usifanye hivyo. Tafadhali. Hakuna mahali pengine huku chini ambapo pameachwa hivyo muda wote huo na vipimo viko. Kuna vijana chuoni wanataka kuendelea. Nipe msimu mmoja."

"Na nile nini msimu huo?"

"Nitaongea nao. Labda unga..."

"Usiniambie unga, Daktari."

Marigu alikuwa amelala na ndizi mkononi. Daktari alitazama yale matofali yake ya saruji, akasema, "Una haki." Lakini alilisema kama mtu anayesoma maandishi ya mtu mwingine. Sikumwaga chai. Nilitaka kuimwaga.

Tingatinga lilikuja wiki iliyofuata. Tulikuwa tumekubaliana udongo wa juu utasukumwa kando kwanza. Hawakuusukuma, walisema hakuna udongo wa kusukuma. Kufikia mchana kulikuwa na shimo refu kuliko mtu, na ukuta wake mmoja umesimama umekatwa wima kama keki. Nilikuwa nimesimama barabarani ninahesabiwa na macho ya wapita njia. Gari dogo la kukodi kutoka Ishiara likasimama, Daktari akashuka, na fimbo.

Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja ukingoni.

"Wewe mama, toka hapo!" dereva alipiga kelele. "Hiyo itaporomoka na wewe!"

"Zima kidogo, kijana."

"Kuzima nini? Mimi nalipwa na nani?"

"Zima!" Sikuwahi kuisikia sauti ile kutoka kwake. Dereva alizima. Daktari aliketi chini, akajisukuma, akateleza kwa makalio hadi ndani ya shimo kama mtoto, fimbo ikabaki juu. Nilidhani amekuja kujizika. Nilimfuata haraka, Marigu mgongoni.

Alikuwa amesimama mbele ya ukuta ule ameuwekea viganja vyote viwili. Alikuwa anatabasamu. Namaanisha kutabasamu hasa, uso wote, kama mtu aliyemwona mwanawe akishuka kwenye basi.

"Njoo! Njoo uone! Miaka yote hiyo nilikuwa napima hapa juu tu. Hakuna mtu aliyewahi kunichimbia namna hii. Ona mstari huu. Ona hapa mizizi ilipofika ikageuka. Na hii yote nyekundu, na hapa ndipo murram inaanza, na kule chini," alipiga kwa kisigino, "mwamba. Imeisha. Hakuna kitu kingine."

Alilisema kana kwamba ananipa habari njema.

"Na ile yetu iko wapi?" niliuliza. "Ya kulima."

Aliinua kidole juu kabisa ya ukuta. Kulikuwa na ukanda mweusi pale, na hata haukuwa mweusi, ulikuwa kama chai iliyochanganywa. Mwembamba. Unene wa chapati mbili. Mahali pengine chapati moja.

"Hiyo?"

"Hiyo. Mwanzoni ilikuwa inafika hapa." Akanionyesha kwenye mkono wake, chini kidogo ya kiwiko. "Hiyo ndiyo iliwalea babako na ndugu zake. Haitengenezwi na mtu, mwari. Mliikuta tu."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia aendelee kunionyesha, kwa sababu hakuna mtu maishani mwangu aliyewahi kunielezea shida yangu kwa uwazi namna ile, na uso ule wa furaha. Marigu alinyoosha mkono akaugusa ukuta, akachomoa kijiwe chekundu, akakitia mdomoni. Tulikitoa wote wawili kwa pamoja, mkono wangu na wake.

Dereva akapiga honi. Nilimsukuma Daktari kutoka nyuma mpaka akapanda, akiwa mwepesi kama kuku, akilalamikia goti. Juu alisimama akaniegemea, sijui alikuwa anajua ameniegemea. Tingatinga likawaka. Kijiko cha kwanza kilichukua ukuta ule ule, juu hadi chini, ule ukanda na nyekundu na murram vikaingia kwenye lori kwa kishindo kimoja, vumbi likatupiga usoni, na lilipotulia hakukuwa na mtu angeweza kusema ipi ilikuwa ipi.